Mahandaki 30, Gari Hata Moja Hakuna!

Jamani, jamani, jamani! Nianzie wapi? Vumbi la kule bado limeganda kwenye soli za viatu vyangu, mapaja yananiuma yale maumivu matamu ya kazi iliyokwisha, na hapa nilipoketi miguu haitulii, inazunguka yenyewe chini ya meza! Sikiliza, rafiki yangu, weka pembeni chochote ulichoshika. Kule kusini mwa Hispania, kwenye vilima vya Andalusia, kuna njia inaitwa Vía Verde de la Sierra. Inatoka mji wa Olvera mpaka Puerto Serrano, kilomita 36 za changarawe na udongo ulioshindiliwa. Inatoboa milima, inaruka mabonde, inafuatana na mito, inapita jirani na mizeituni, na si njia ya magari. Ni ya baiskeli, ya watembea kwa miguu, ya wenye farasi wao. Lori hakuna. Basi hakuna. Honi? Honi utaikuta kwenu ukirudi! Na bado!

Bado sijakwambia kwamba njia hiyo ina mahandaki 30. Thelathini, mwenzangu! Na madaraja manne marefu ya kuvukia mabonde, na jabali zima lililojaa tumbusi, na mji mweupe pepepe uliokaa juu ya kilima na ngome yake kichwani. Lakini ngoja, ngoja kwanza. Nisikimbilie huko. Tuanze na masikio.

Sisi tunaoendesha baiskeli kwenye miji yetu tunajua hali ilivyo. Uwe Barabara ya Morogoro pale Dar es Salaam, uwe Thika Road kule Nairobi, macho yako yako mbele lakini roho yako yote iko nyuma, inasikilizia daladala litakalokubana, lori litakalokupulizia moshi, bodaboda atakayekukata bila taarifa. Tumezoea mno, mpaka hatujui tena kwamba muda wote tunaogopa. Basi pale Olvera nilipoiacha ile stesheni ya zamani nyuma yangu na njia ikajinyoosha mbele, nyeupe, tupu, imetulia tuli, mwili wangu ulifanya jambo ambalo sikuliagiza: mabega yakashuka. Yenyewe! Vidole vikalegea kwenye breki. Shingo ikaacha kugeukageuka. Na nilipotazama kando nikamwona mwenzangu niliyekuwa naye anaendesha bega kwa bega nami, tunaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, tunacheka, tunaonyeshana vitu! Ni lini mara ya mwisho umeendesha baiskeli ukiwa sambamba na rafiki yako, mnapiga soga, bila mmoja kulazimika kurudi nyuma kupisha gari? Unaona sasa!

Halafu sauti zinaanza kurudi moja moja. Kwanza tairi lenyewe, linanong'ona juu ya changarawe, shwaaa, shwaaa, na ukiingia penye kokoto kubwa linabadilika, krrr, krrr, unalisikia mpaka kwenye meno. Kisha kengele za mbuzi, mbali, upande wa pili wa bonde. Kisha nyuki. Nyuki wengi ajabu, kwa sababu kingo za njia zimejaa maua: mekundu ndu, ya njano, ya zambarau, yamejimwaga tu pale bila kupandwa na mtu. Kisha maji ya mto chini kabisa, huyaoni, unayasikia. Na harufu! Ewe, harufu! Rozimari ya porini, shamari, vumbi la chokaa lililopata jua, majani yaliyosagwa na kwato za farasi aliyepita asubuhi. Hewa unaila, huivuti!

Sasa utaniuliza: vilima vyote hivyo, milima yote hiyo, mtu wa kawaida ataviweza? Hapo ndipo penye uchawi wenyewe, na nataka unisikilize vizuri kwa sababu hii ndiyo habari iliyonifanya nishindwe kulala.

Njia hii ilijengwa kuwa reli. Katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Jenerali Miguel Primo de Rivera, Hispania ilianza kujenga njia ya treni kutoka Jerez de la Frontera kwenda Almargen, ikikatiza milima hii ya Cádiz. Na treni, ndugu yangu, haiwezi mlima mkali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Kwa hiyo mhandisi wa reli hana ruhusa ya kupanda kwa pupa: kilima kikimsimamia mbele anakitoboa, bonde likimfungukia anajenga daraja, na mahali pengine anachonga ubavu wa mlima taratibu, taratibu, mpaka mwinuko unakuwa mdogo kiasi cha kutouona. Wakatoboa. Wakajenga. Wakasimamisha na stesheni. Kisha fedha zikaleta matatizo, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1936, kazi ikalala. Treni haikupita hapa. Hata moja! Mahandaki yakabaki matupu miaka na miaka, madaraja yakabaki yanavusha upepo, stesheni zikabaki bila abiria.

Na leo yote hayo ni yako! Kazi yote ile ngumu ya kupasua milima, iliyofanyika ili kuyapumzisha magari-moshi, inapumzisha mapaja yako wewe. Unapita katikati ya milima inayotisha kuitazama, vilele kushoto, vilele kulia, mabonde ya kutia kizunguzungu, na miguu yako inazungusha pedali kwa raha zake kana kwamba uko uwanda wa pwani. Nilikuwa natazama mlima mbele, najiandaa, nashusha gia, nakaza tumbo... na njia inaingia tu ndani ya mlima, inatokea upande wa pili! Kila mara! Nilicheka peke yangu kwa sauti. Utacheka na wewe, nakwambia, hakuna awezaye kujizuia.

Haya, tuingie handakini.

Handaki la kwanza nililiona kwa mbali, tundu jeusi ti kwenye ukuta wa mawe, na nikaona mdomo wake unapumua. Kweli, unapumua! Hatua chache kabla ya kuingia ule upepo wa ndani unakujia usoni, ubaridi wa maji ya mtungi uliokaa kivulini, na jasho lote la mgongoni linageuka barafu kwa sekunde moja. Nywele zinasimama. Kisha jua linazimwa. Pu! Huoni kitu, giza totoro, macho bado yana ule mweupe wa nje, unasikia tu tairi lako na pumzi yako vimekuwa vikubwa mara kumi, na hapo, hapo hapo, taa inawaka juu yako! Halafu nyingine mbele. Halafu nyingine. Kwenye mahandaki marefu kuna taa zinazokuhisi unapokuja, zinajiwasha zenyewe, unakaribishwa ndani ya mlima kwa heshima zote. Tone la maji likanidondokea shingoni nikapiga ukelele, na mlima wote ukanijibu!

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu tulipojua kwamba mahandaki yanaitikia, hatukulipita hata moja kimya. Tuliimba. Tulipiga vigelegele. Kuna mtoto wa Kihispania, umri wa darasa la pili hivi, alikuwa anakuja upande wa pili na baba yake, baiskeli yake ndogo ina utepe kwenye usukani, akasikia vigelegele vyetu akajibu kwa sauti yake nyembamba, akapiga kengele, sisi tukapiga zetu, na wote tukapishana gizani tunacheka wala hatujuani. Baba yake akatupungia mkono. Hivi kweli mtoto wa umri huo utamwachia baiskeli kwenye barabara gani nyingine duniani, mbele yako, huru, na wewe moyo wako umetulia?

Yapo mahandaki mafupi ambayo kabla hujamaliza kuvuta pumzi umeshatoka. Na lipo moja linalokaribia urefu wa kilomita nzima. Kilomita! Chini ya ardhi! Unaingia, unaendesha, unaendesha, unaanza kujiuliza kama mlima huu una mwisho, ile nukta ya mwanga mbele haikui, haikui, haikui, kisha ghafla inakua yote kwa pamoja na unatemwa nje kwenye jua kali, kwenye kijani, kwenye ndege wanaopiga kelele, na joto linakukumbatia mabegani. Ule mpito! Baridi, joto, giza, mwanga, tena, tena, tena, mara thelathini! Ngozi haijui ishike lipi. Nunua taa nzuri uifunge kwenye usukani, usije ukategemea za ukutani pekee, na beba kikoti chepesi. Nimemaliza mawaidha, turudi kwenye raha.

Kwa sababu sasa nataka kukupeleka Zaframagón.

Ukitoka Olvera, ukishayapita mahandaki kadhaa na njia imekuzoea nawe umeizoea, unafika mahali ambapo mbele yako linasimama jabali kubwa la chokaa, peke yake, limechongoka, kijivu na chungwa, mto Guadalporcún umelikata ubavuni. Linaitwa Peñón de Zaframagón. Ni hifadhi ya asili, na ni mojawapo ya makao makubwa ya tumbusi katika Andalusia yote. Nilikuwa nimesoma hivyo kabla sijaja. Kusoma si kuona! Nilisimamisha baiskeli juu ya daraja refu, nikaegemea ukingo, nikatazama juu kuwatafuta. Juu hapakuwa na kitu. Mwenzangu akanishika mkono akaninong'oneza, tazama chini. Chini! Walikuwa wanapaa chini yangu! Tumbusi wakubwa, wazito, wa rangi ya kahawia iliyopauka kwa jua, mabawa yaliyokunjuliwa karibu mita 2 na nusu, wanazunguka ndani ya korongo bila kupiga bawa hata mara moja, na mimi nawatazama migongo yao. Migongo! Ni nani aliyewahi kuuona mgongo wa tumbusi akiwa angani?

Wakaanza kupanda. Wanapanda kwa hewa ya moto inayotoka kwenye mawe jua likishayachoma, kwa hiyo asubuhi mapema utawakuta wamekaa tu kwenye vibaraza vya jabali wakisubiri, na saa nne hivi za asubuhi jabali zima linaanza kufunguka. Mmoja, wanne, kumi, sijui tena. Yule wa karibu kabisa alipita usawa wa macho yangu, nikasikia upepo unavyopasuka kwenye manyoya yake, sauti ya kitambaa kizito kinachovutwa, fffff, akageuza kichwa, akanitazama. Nakuapia alinitazama! Jicho la manjano nyeupe, shingo imejikunja ndani ya kola yake ya manyoya, vidole vya mwisho wa bawa vimetanuka kimoja kimoja, kinacheza hiki, kinatulia kile. Sikupiga picha. Mikono ilikataa kutoka kwenye ukingo wa daraja.

Na bado! Hawa tumbusi na sisi tuna ujamaa. Wengi wa makinda yao, majira ya baridi yakikaribia, huvuka mlango bahari wa Gibraltar na kuja Afrika, mpaka ukanda wa Sahel. Wakirudi, huenda wakafuatana na wageni: tumbusi wa Rüppell, jamii ile ile inayotaga kwenye majabali ya Kwenia kusini mwa Kenya, sasa huonekana mara kwa mara kwenye anga ya mkoa wa Cádiz. Na kwenye waya mmoja karibu na mto nikawakuta keremkerem, wale wenye rangi zote walizopewa ndege wote, wamejipanga, wanaruka kudaka nyuki, wanarudi. Hao huondoka kusini mwa Sahara kila mwaka na kufika Hispania mwezi wa nne kuja kuzaa. Nikawasalimu kwa Kiswahili. Kwa nini nisiwasalimu?

Pale Zaframagón stesheni ya zamani imegeuzwa kituo cha kuwaelezea wageni habari za tumbusi, na kuna kamera inayoelekezwa jabalini inayokuonyesha viota vyenyewe, kinda ndani yake, mama anatua. Tumbusi wa kike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Moja! Nilikaa mbele ya ile skrini nikasahau kwamba nina safari.

Lazima nikusimulie habari za baiskeli yenyewe, maana wengine mnaijua ya milimani na ya mbio za lami, lakini hii ya changarawe mkiigusa hamtaiacha. Usukani wake umepinda chini kama wa baiskeli za mbio, ila matairi ni manene, na mwenye kukodisha pale stesheni alipunguza upepo kidogo, akaliminya tairi kwa dole gumba, akatikisa kichwa kuridhika, akanipa. Tofauti yake! Penye udongo mgumu inateleza mbele bila juhudi, unasukuma mara mbili inakwenda mara tano. Penye kokoto inabonyea, inameza, inapita. Na penye kona ya changarawe zilizolegea, ukiingia na mwendo kidogo, tairi la nyuma linasogea upande, nusu kiganja tu, moyo unaruka, kisha linashika tena ardhi na wewe unatoka kwenye kona umekenua meno yote. Ni hofu ndogo tamu ambayo lami haiwezi kukupa kamwe. Mchezo huu unakua kwa kasi ya ajabu. Mashindano ya kwanza rasmi ya ubingwa wa dunia wa changarawe yalifanyika mwaka 2022 kule Veneto, Italia, na huku kwetu Migration Gravel Race inawapeleka watu kukimbizana na vumbi la Maasai Mara. Lakini Olvera hakuna anayekimbizana na mtu. Nilipitwa na bibi mwenye mvi na baiskeli ya kikapu, akanisabahi kwa tabasamu, akatokomea handakini. Safi sana!

Njaa je? Eee, njaa ya baiskeli ni njaa nyingine, na kule wanaijua dawa yake. Asubuhi, kabla ya kuondoka, waliniletea mkate uliochomwa mpaka ukingo umekuwa mgumu, bakuli dogo la nyanya mbichi zilizokunwa, na chupa ya mafuta ya zeituni. Mzee aliyekuwa kaunta aliona ninavyomimina kwa adabu ya mgeni, matone mawili matatu, akatikisa kichwa, akanipokonya chupa na kumimina mwenyewe, akamimina, akamimina, mkate ukalowa, sahani ikang'aa kijani. Akanyunyiza chumvi. Akasimama kunitazama. Nikauma. Mafuta yale yana ukali nyuma ya koo, pilipili ndogo inayochelewa kufika, na harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, na nyanya ni baridi, na mkate unalia kwenye meno, na juisi inakushukia mpaka kwenye kiwiko! Nikamtazama mzee. Akaniletea mwingine bila kuulizwa. Mizeituni iliyotoa mafuta yale nilikuja kuipita nusu saa baadaye, mistari na mistari juu ya vilima, majani yake ya fedha yakigeuka upepo ukipita, na nikaiambia asante.

Mchana, stesheni ya Coripe, ambako jengo la reli lisilopata abiria sasa linapata wenye njaa. Supu baridi ya nyanya, baridi hasa, yenye siki na kitunguu saumu, unainywa na unaisikia inavyoshuka mpaka tumboni. Jibini ya maziwa ya mbuzi wa payoya, mbuzi wa milima hii hii, ngumu kidogo, chumvi kidogo, inayeyuka polepole. Mkate. Machungwa. Kivuli. Viatu nimevua, miguu juu ya mawe yenye ubaridi. Karibu na hapo kuna mwaloni mmoja mkubwa unaitwa Chaparro de la Vega, umetangazwa rasmi kuwa kumbukumbu ya asili, matawi yake yamejitandaza kwa upana unaozidi urefu wake, na chini yake hewa ni tofauti, ni nyepesi, unahisi umeingia nyumba ya mtu. Nililala pale. Usingizi mfupi, mzito, mtamu mno. Niliamshwa na kengele za mbuzi zilezile, sasa zipo karibu!

Baada ya Coripe bonde linafunguka, mahandaki yanakuja kwa kufuatana, unatoka hili unaingia lile, mto unakuwa kushoto kisha kulia kisha chini ya daraja, na ukikaribia Puerto Serrano unakutana na Guadalete, mto wenyewe mkubwa, umejificha kwenye miti, ukiwa umebeba ubaridi wake. Njia kwa jumla inashuka kutoka Olvera, kwa hiyo ukienda unaelea, na ukirudi unafanya kazi kidogo, kidogo ya kupendeza, ile inayokufanya uhisi umestahili chakula cha jioni. Rudi, tafadhali! Usikubali gari la kukurudisha. Njia ile ile jioni ni njia nyingine: jua liko upande wa pili, majabali yaliyokuwa kijivu yamekuwa dhahabu, tumbusi wanarudi nyumbani, na mahandaki ambayo asubuhi yalikupa baridi sasa yana vuguvugu mlangoni.

Na ukishafika stesheni ya Olvera, miguu imechoka vizuri, usiishie hapo! Mji wenyewe uko juu ya kilima, na hapo hakuna mhandisi wa reli wa kukuhurumia. Unapanda. Unapanda hasa! Barabara inasimama ukutani, mwendo wa kutembea, pumzi inakatika, kuta nyeupe za nyumba zinakurudishia joto la mchana kutwa, vyungu vya maua ya waridi vimening'inia madirishani, wazee wamekaa kwenye viti vyao mlangoni wanakupungia na kukuhimiza kwa kupiga makofi. Makofi! Kwa mtu wasiyemjua! Juu kabisa kuna kanisa kubwa lenye minara miwili, na kando yake, imekalia mwamba, ngome ya Waislamu wa Granada, ambayo mfalme Alfonso XI wa Castilla aliiteka mwaka 1327. Panda ngazi zake hata kama mapaja yanalia. Kutoka pale unaona nchi yote uliyoipita: bahari ya mizeituni, vilima nyuma ya vilima nyuma ya vilima, rangi inafifia mpaka inakuwa samawati, na lile jabali la tumbusi mbali kule, dogo, na unajua kwamba chini ya mgongo wa kila kilima kile ulipita ukiimba!

Sasa nikupe haraka haraka unayohitaji. Nenda majira ya machipuko, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, maua yakiwa wazimuni na, kuanzia wa nne, keremkerem wameshafika, au subiri vuli, mwezi wa kumi, hewa ikishapoa. Mwezi wa saba na wa nane usithubutu. Joto la kule linavuka nyuzi 40 na mawe yanatoa moto. Ndege itakushusha Málaga, Sevilla au Jerez, halafu gari hadi Olvera. Baiskeli utakodi hapo hapo stesheni, ya kawaida, ya changarawe, hata ya umeme kwa mama au baba mkubwa ambaye magoti yamechoka, na mlete, mlete kabisa, ataipenda kuliko wewe! Watoto pia. Maji mengi. Taa. Na ukibakiwa na nafasi, Setenil de las Bodegas iko jirani, mji ambao nyumba zake zimejibanza chini ya mwamba mzima, unakunywa kahawa na dari yako ni mlima. Siwezi hata kuanza kuisimulia hiyo, nitamaliza gazeti.

Na bado! Hii ni moja tu! Hispania ilianza mpango wa kuzigeuza reli zilizolala kuwa njia za namna hii mwaka 1993, na sasa zimevuka kilomita 3,000. Elfu tatu! Iko Vía Verde del Aceite, inayotoka Jaén, mkoa unaozalisha mafuta ya zeituni kuliko mwingine wowote duniani, mpaka Puente Genil, kwenye reli iliyokuwa ikibeba mafuta hayo, kilomita 128 za mizeituni mpaka macho yachoke, juu ya madaraja ya chuma ya karne ya 19. Kilomita 128, mwenzangu! Ramani ipo mezani hapa, nimeshaizungushia kalamu nyekundu, bei za tiketi nimeshaanza kuuliza, na ile nafasi ya pembeni yangu, bega kwa bega, ni yako. Niambie tu: mwezi wa nne au wa kumi?